Binti Hagongi Jiwe Mama

Choma, Igunga
11 Februari 2024

Kwako Leonia,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi huku wazima. Mvua zimenyesha vizuri, mtama umesimama, na yule ng'ombe mwenye baka amezaa jike. Padri amekuulizia, nikamwambia mtoto wa kaka yangu yupo Dodoma anasoma mawe. Hizo ndizo habari za nyumbani, na kama ungekuwa mtu wa kuandikiwa habari za nyumbani tu ningeishia hapo.

Alhamisi baraza lilikaa. Mwenyekiti alifungua bahasha yako mbele ya watu wote, mbele ya Ngollo anayedai kilima ni chake, na wanawe, akasoma kwamba jiwe la kusagia la nyumba ya marehemu babu yako Jilala halikutoka kilima cha Itale, linafanana na mwamba wa kilima cha Ilole, upande wa Nzega. Akarudia kwa Kisukuma ili hata waliosinzia wasikie. Ngollo hata hakucheka. Alitikisa kichwa kama mtu aliyefiwa, akasema, "Si niliwaambia hawa ni watu wa njiani? Babu yao alikuwa mpagazi, alibebea watu pembe kwenda pwani. Aliporudi miguu ikamwishia hapa, tukamhurumia." Watu wakaguna.

Ni mimi niliyesimama barazani nikasema Leonia anajua mawe, apewe apime. Ni mimi niliyekifunga kipande cha jiwe kwenye kitenge nikakitia kwenye basi. Nawe ukashindwa hata kuniambia, "Shangazi, mambo yako hivi, jiandae." Kikulacho ki nguoni mwako. Mgongo huu ulikubeba, Leonia, ukaukojolea mara nyingi, lakini ulikuwa mtoto.

Ngollo akishinda atapasua kilima apate kokoto za barabara. Nyumba ya bibi yako Advera iko chini ya kilima. Makaburi yako chini ya kilima, na la baba yako ni mojawapo. Baraza limetoa muda hadi baada ya mavuno, mwenye ushahidi mwingine aulete. Mimi ushahidi wangu ulikuwa wewe.

Usinipigie. Namba yako nimeifungia, maana kwenye simu unajua kulia. Ukiwa na la kusema, andika.

Shangazi yako,
Pelagia


Dodoma
3 Machi 2024

Shangazi, shikamoo.

Barua yako imefika. Mimi mzima, kazi inaendelea, maji yanakatika mtaani kwetu kila mara lakini tumezoea. Mama yupo Ipuli, Tabora. Mgongo unamsumbua ila kanisani anakwenda mwenyewe. Najua hukumuulizia, nakueleza tu.

Baraza liliagiza majibu yaende kwao moja kwa moja, na wewe ulikuwepo, ukakubali. Ningekupigia kwanza ungeniambia niandike uongo, kisha ningekuwa na kazi ya kukukatalia. Nimejiepusha na kazi hiyo.

Na ili usiende kusema nilibahatisha, nakueleza nilichofanya. Kipande chako nilikitoa ganda la nje, nikakisaga kikawa laini kuliko sembe, nikautia unga wake kwenye mashine ya miale inayoonyesha kilichomo ndani ya jiwe. Itale na Ilole zote zilikuwa volkano zamani zisizosemeka. Kwa macho mawe yake ni yaleyale, meusi yenye ukijani. Hata ukipima vile vilivyojaa ndani, silika, sodiamu, potasiamu, yanakaribiana, kwa sababu maji ya moto yamepita humo miaka na miaka, yakachukua hiki na kuacha kile. Anayeyapanga kwa vitu hivyo anadanganyika. Kwa hiyo tunatafuta vitu vilivyomo kidogo sana, kama chumvi ya kubana kwa vidole kwenye pipa zima la maji, ambavyo havitoki hata jiwe lipate misukosuko gani. Vinaitwa zirkoni, titani, niobi na itri. Hivyo ukivilinganisha ndivyo vinavyokuambia jiwe ni la ukoo gani. Mawe ya Itale yana titani nyingi na zirkoni kidogo. Hiyo ni basalti. Kipande chako kimegeuza, zirkoni imepanda na titani imeshuka; hiyo ni desiti, na mawe ya Ilole ni desiti tupu. Niliyaokota mwenyewe nikiwa kwenye utafiti. Nilirudia kupima kwa sababu nilitaka nikosee, sikukosea.

Na habari ya mgongo usiniambie. Mgongo huohuo ndio uliomwinamia mama yangu siku ya matanga ya baba, ukainua sanduku lake na kulitupa uwanjani mbele ya waombolezaji. Ukasema hana nyumba hapa. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango, Shangazi, na nguo zake za ndani zilimwagika nikaziokota mimi.

Leonia


Choma
30 Machi 2024, Jumamosi Kuu

Leonia,

Marahaba, kama shikamoo ya kwenye karatasi nayo huitikiwa. Kesho ni Pasaka. Nimechinja jogoo mmoja, sina wa kumla naye.

Habari ya sanduku sitaizungumza. Yapo mambo ya watu wazima.

Zirkoni yako nimemsomea jirani yangu Adelina, akauliza kama inatibika. Nikamwambia ndiyo iliyotuua. Wewe unapima mawe kwenye chumba chenye kiyoyozi, sisi huku wanawe Ngollo wameshapanda Itale na nyundo wanatoboa matundu ya kujaribia. Kila wakigonga, ndani sufuria zinacheza kwenye kichanja. Bibi yako Advera alilishika jiwe lile kwa mkono wake tangu alipoolewa hadi alipokufa, limekaa umbo la kiganja chake, hata mimi nikilishika vidole vinaingia palepale. Leo mashine inasema si la kwetu. Basi na mkono wake haukuwa wa kwetu.

Usijibu kama huna la maana.

Pelagia


Dodoma
21 Aprili 2024

Shangazi, shikamoo.

Heri ya Pasaka iliyopita. Nilikuwa Ipuli wiki nzima. Mama anakausha karanga, na kwaya yao imepata sare mpya za bluu.

Nina la maana. Jioni moja nilimsomea mama barua yako. Alikuwa anachambua choroko. Nilipofika pale ulipoandika kwamba bibi alilishika jiwe kwa mkono, akaacha kuchambua, akauliza, "Amekuletea mtoto au mama?" Sikumwelewa. Mimi nimekulia Ipuli, unga wetu ulitoka mashineni kwenye ndoo, jiwe la kusagia nililiona kwenu tu, na kwangu lilikuwa jiwe. Akanieleza kwamba yako mawili. Jiwe mama ni lile kubwa la chini, limefukiwa nusu kwenye sakafu, aliyejenga nyumba ndiye huliweka na halihami. Jiwe mtoto ni lile dogo la mkononi, na bibi harusi huja nalo kutoka kwa mama yake. Akaniambia, "Bibi yako alizaliwa Ilole. Jiwe mtoto likisema limetoka Ilole limesema kweli."

Kwa hiyo nilipima jiwe la bibi harusi nikaandika ni jiwe la nyumba. Hilo ni kosa langu, sikuuliza ni lipi. Lakini wewe ulijua, Shangazi. Umekua na mawe yale. Ulichukua nyundo, ukayaangalia yote mawili, ukagonga la wageni ukaniletea mimi niliweke jina langu chini yake. Kwa nini?

Vunja kipande cha jiwe mama unitumie. Ukiona uzito nitakuja mwenyewe mwisho wa mwezi wa tano nikivunje.

Leonia


Choma
9 Juni 2024

Leonia,

Mtama tumevuna, umetoka wa kutosha. Adelina amepata mjukuu. Nimechelewa kukujibu kwa sababu sikutaka kukujibu, na hukuja mwezi wa tano kama ulivyotishia, umefanya vizuri. Usije.

Kwa kuwa mama yako amekufundisha nusu, mimi nakufundisha iliyobaki. Binti hagongi jiwe mama la nyumba ya baba yake. Atakayegonga jiwe hilo ni mke wa nyumba. Yeye ndiye huligonga baada ya mavuno lirudishe meno ya kusagia, na unga wa kwanza kutoka hapo una mchanga, hauliwi na mtu, tunawapa kuku. Bibi yako alifanya hivyo kila mwaka. Mimi nilikuwa nakaa pembeni naokota chembe zinazoruka, hata nyundo sikupewa nishike. Nimeolewa Ng'ambo kule Tabora, nimeachika, nimerudi, nimezeekea humu ndani, bado ni binti. Na wewe na shahada zako zote ni binti vilevile.

Usiniambie hizo ni imani. Wanawake wawili wa baraza ni wakubwa kuliko mimi na wanazijua kuliko mimi. Kipande kilichovunjwa na mkono usio wake hawatakipokea, na Ngollo atakuwa wa kwanza kusimama. Ndiyo maana nilipeleka jiwe mtoto. Nilidhani mashine itaona jiwe jeusi iseme jiwe jeusi. Nani alijua kuna mashine ya kuuliza jiwe ukoo?

Mke wa nyumba, bibi yako, amekufa. Baba yako alikuwa mtoto wa kiume pekee wa nyumba hii. Sasa unajua kila ninachokijua, na huwezi kusema nimekuficha.

Pelagia


Dodoma
23 Juni 2024

Shangazi, shikamoo.

Mimi mzima. Hongera kwa mavuno na kwa mjukuu wa jirani.

Umeandika barua nzima ukizunguka jina moja kama kuku anayezunguka kinu. Nakusaidia kulitamka. Anaitwa Asnath. Ni mke wa Octavian, alifunga naye ndoa mbele ya watu na wewe ukiwa umeshika mwavuli. Anakaa Ipuli, nyumba ya tatu kutoka bombani, mlango wa kijani. Mgongo unamuuma, lakini nyundo anaweza kuinua.

Ukinitegemea nimfikishie ujumbe, umekosea mlango. Mimi si mshenga wako. Aliyemtupia sanduku na amfuate mwenyewe. Nilimuuliza mama kama ataitika ukimwita. Aliendelea kukunja mashuka.

Na nikuambie mapema ili usije kuniita kikulacho mara ya pili. Jiwe mama likija nalo likasema Ilole, nitaandika Ilole.

Leonia


Choma
28 Julai 2024

Leonia,

Upepo ni mkali, vumbi tupu. Kisima cha shule kimeanza kutoa tope.

Nimekwenda Ipuli. Basi hadi Nzega, la pili hadi Tabora, na kutoka stendi nikatembea kwa sababu wa bodaboda aliniita bibi. Mlango ni wa kijani kweli. Mama yako alikuwa ameanika karanga kwenye turubai, akaniona, akaendelea kuzigeuza. Nilisimama juani hadi alipozimaliza zote, na zilikuwa nyingi. Kisha akaleta kiti kimoja, akakikalia yeye.

Nikasema kilichonipeleka. Hakunitukana. Ningefurahi angenitukana, maana matusi yake nimeyaandalia majibu tangu siku ya matanga. Akasema atakuja kugonga, ila kwanza baraza liulize mbele ya watu ni nani mke wa nyumba ile, na nijibu mimi kwa mdomo wangu. Nikamwambia sawa. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Nimeubusu, na wembe ningekuwa nao bado ningeukata.

Unataka habari ya sanduku, basi ichukue. Kaka yangu aliondoka hapa Krismasi akicheka, akarudi ndani ya jeneza. Miezi minne aliumwa huko Ipuli na hakuna aliyeniambia. Nilizaliwa naye tumbo moja, nilimlea, na nilijulishwa na dereva wa gari lililobeba maiti. Mama yako alishuka kwenye gari lile akiwa na sanduku la nguo, amejiandaa kukaa. Ningefanya nini?

Pelagia


Dodoma
8 Septemba 2024

Shangazi, shikamoo.

Mama amerudi salama kutoka kwenu, amenisimulia kidogo sana. Kipande kimefika kikiwa kimefungwa na kutiwa saini za wanawake wa baraza. Saini ya Ngollo nayo ipo. Mwenyekiti ameniandikia kwamba walimuuliza kama anakubali nipime tena mimi, mtoto wa nyumba ileile, naye akasema, "Huyu aliyewaumbua kwao mchana kweupe? Apime." Unaona basi bahasha ya Februari ilivyotufaa. Sikutegemea shukrani na sijaiona.

Majibu yameshakwenda barazani, safari hii nakuambia pia. Titani juu, zirkoni chini, niobi na itri vimekaa palepale vinapokaa kwenye mawe ya Itale. Ni basalti ya Itale. Nimeandika pia kwamba lile la kwanza lilikuwa jiwe la mkononi, na kwamba kupima kunaonyesha jiwe lilitoka kilima gani, hakuonyeshi aliyefika kwanza. Hilo mtabishana wenyewe kwa hoja ya jiwe kutohama.

Sasa habari ya baba. Si mama aliyekuficha. Baba alikataza. Mama aliomba hadi akapiga magoti ili uitwe, nilikuwepo, na baba akasema, "Pelagia akijua atakuja, atalia, atagombana na manesi, na mimi nataka kufa kwa utulivu." Mama akatii, ukamwadhibu yeye. Ningeweza kukuambia siku ileile uwanjani. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka ubaki na ujinga wako, na leo nakuambia si kwa upendo, nimechoka tu kukutunzia.

Leonia


Choma
13 Oktoba 2024

Leonia,

Tumsifu Yesu Kristo. Mvua bado, mawingu yanakuja na kuondoka. Adelina anakusalimu, anasema zirkoni imepona.

Barua yako ya mwezi uliopita niliisoma mara moja nikaiweka ndani ya Biblia. Sitaijibu. Kwamba alisema nitagombana na manesi, kweli ningegombana nao.

Baraza lilikaa Jumanne. Bahasha ilisomwa. Wale wanawake wawili wakaeleza kwamba jiwe mama haliwekwi na mpita njia, anayekwenda na safari hafukii jiwe sakafuni. Chini ya kilima ni kwetu, kilima hakipasuliwi, na makaburi hayaguswi. Ngollo amesema atakata rufaa, na akaongeza kuwa jiwe mtoto bado ni la njiani. Mwenyekiti akamwambia basi na mama yake, aliyetoka Tabora kuolewa hapa, naye ni wa njiani, Ngollo akakaa.

Mama yako hakukuambia ya siku ile ya kuvunja kipande, nami naona unatamani kuyajua. Mwenyekiti aliuliza, nani mke wa nyumba hii. Uwanja ulijaa, na waliokuwepo kwenye matanga karibu wote walikuwepo. Nilisema, "Ni Asnath." Wakasema hawakusikia. Walisikia, Leonia, hakuna kiziwi Choma. Nikasema tena, "Ni Asnath, mke wa Octavian. Nyumba ni yake." Akaingia ndani, akapiga nyundo mara moja, akatoka na kipande, akapanda gari akaondoka. Hata maji hakunywa.

Jumatano, baada ya hukumu, amerudi. Na sanduku ni lilelile, kona moja imebonyea pale lilipoangukia. Amelala chumba cha baba yako. Mimi nimehamisha vitu vyangu chumba cha uani bila kuambiwa. Alhamisi asubuhi akakaa juu ya jiwe mama akaligonga lote, kutoka mwanzo hadi mwisho, hadi likarudisha meno. Alipata shida na mgongo lakini sikumsogelea, na chembe zilizoruka niliziokota kama nilivyokuwa nikiziokota nikiwa mdogo. Akachukua jiwe mtoto la mama yangu, akasaga mtama.

Unajua unga wa kwanza huenda wapi. Kuku walishakusanyika mlangoni. Hakuwamwagia, akausonga ugali, akaniwekea mimi kwenye sahani, peke yangu, na mlenda pembeni. Akavuta kiti akakaa kuniangalia.

Nilikula wote, na mchanga wake.

Shangazi yako,
Pelagia